Picha ya Ukumbini

Alilijua shavu kabla hajaujua uso.

Ndivyo alivyozoea kufanya kazi yule fundi wa rangi. Wenzake pale studio wakifungua picha huitazama yote kwanza, wakaisifu au wakaicheka, ndipo wakaanza kuitengeneza. Yeye hapana. Yeye aliifungua ikiwa imekuzwa mara nne, akaenda moja kwa moja kwenye ngozi, kipande cha shavu au paji la uso, akaihangaikia mpaka ikakubali, halafu ndipo akairudisha picha nyuma na kuona ni ya nani. Ngozi ikikaa sawa, alisema, nguo na maua na kuta vitajipanga vyenyewe. Na aliongeza, kwa ile sauti yake ya kujidai kidogo, kwamba ukimjua mwenye uso mapema utampendelea.

Basi asubuhi hiyo skrini nzima ilijaa shavu la mwanamume, limezidi manjano kwa sababu ya taa mbovu za mpiga picha. Akapunguza manjano. Akaongeza wekundu, kidogo tu. Akashuka kuelekea kidevuni aone kama kivuli nacho kimekaa, na pale chini ya taya, karibu na sikio, akakutana na kovu dogo lililopinda kama ukucha.

Mkono ukamganda juu ya kipanya.

Jeraha la kovu lile alilifunga yeye mwenyewe kwa kitambaa, miaka miwili nyuma, siku mwenye shavu alipoteleza bafuni kwake akajigonga kwenye ukingo wa sinki. Damu ilikuwa inatoka nao wanacheka. Ni siku hiyo mwanamume huyo alipoanza kumwita Kijivu, kwa ajili ya koti lake la kazi. Chumba kile cha rangi kilikuwa kijivu chote, kuta, pazia, meza, mpaka koti la fundi, ili rangi ya kitu kingine isije ikaangukia kwenye skrini na kulidanganya jicho. Watu wengine walimwita fundi. Mwenye shavu peke yake alimwita Kijivu, na akilitamka jina hilo, fundi wa watu alijiona amevaa hariri.

"Labda ni mtu mwingine," alijiambia.

Watu wawili, kovu moja, mahali pamoja! Lakini ndivyo mapenzi yanavyomfanya mtu mwenye akili zake timamu, akajidanganya mchana kweupe. Akairudisha picha nyuma.

Alikuwa ni yeye. Mpima ardhi wake wa miaka mitatu, aliyemuaga miezi miwili iliyopita kwamba anakwenda kupima barabara mpya huko mbali ambako hata mtandao hakuna. Alivaa shati la buluu. Begani kwake alilaza kichwa binti mmoja mzuri, mkono wenye pete umetulia kifuani pa mwanamume kama uliozaliwa hapo. Na kwenye karatasi ya oda, kwa mwandiko wa mapokezi, paliandikwa: *Picha moja, mita moja na nusu, ya kutundika ukumbini. Harusi Jumamosi. Wateja wanakuja saa nne kuangalia.*

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne kasoro dakika kumi.

Ilikuwa sheria ya mwenye studio. Mteja hukaa mbele ya skrini, huonyeshwa picha jinsi itakavyotoka kwenye karatasi, akiridhika huweka sahihi, na akishaweka sahihi hakuna cha kurudi kesho na malalamiko. Angeweza kusingizia kichwa akamwachia mwenzake. Hakusingizia. Moyo ulikuwa umekwisha kumpangia mambo yake: atakuja, ataniona nimeketi hapa, na uso wake hautaweza kudanganya mbele yangu. Hakutaka makubwa. Alitaka yule mwanamume aseme, mbele ya watu, yeye ni nani kwake.

Mlango ukagongwa. Aliyetangulia kuingia alikuwa mama yake mpima ardhi, mkunga mstaafu, mwanamke wa sauti laini na viatu visivyotoa mlio. Nyuma yake yule binti wa kwenye picha, mfamasia, anakitabasamia kila kitu.

"Shikamoo, mama," fundi alisema.

"Marahaba, fundi. Za kazi?"

Fundi! Mwanamke huyu alimjua fika. Alikwisha kumkaribisha chai sebuleni kwake, akamuuliza baba yake anafanya kazi gani, akajibiwa anashona viatu, akasema "Aa." Hiyo aa ndiyo iliyokuwa kauli yake kwa miaka mitatu, hakuiongeza wala kuipunguza.

"Njema. Karibuni mkae. Dada, nisaidie kufunga mlango, mwanga wa nje unaharibu."

"Jamani, chumba hiki," mfamasia alicheka. "Kila kitu kijivu! Huchoki, dada?"

"Nimezoea."

Walikaa, mmoja kulia, mmoja kushoto. Fundi akausogeza uso wa binti katikati ya skrini. Mkunga akainama mbele, akakunja midomo.

"Mkwe wangu hapo ametoka mweusi mno. Mng'arishe kidogo."

Mfamasia akatazama vidole vyake. Fundi aliona, na shetani naye akaona. Kumvuta kidogo tu huku, kumpunguza kidogo tu kule, na yule binti angening'inia ukumbini mbele ya wageni wote akiwa na rangi ya majivu, na hakuna ambaye angejua kwa nini. Mikono ilikuwa tayari kwenye kipanya. Lakini mikono ile ilikuwa na miaka tisa ya kazi ndani yake, ikakataa.

"Ngozi yake haina kosa, mama. Kosa ni la taa. Imemtia ukijani."

Akauondoa ukijani. Weusi wa binti ukatoka chini yake, laini, unang'aa, umejaa afya, na macho yakapata pa kukaa. Mfamasia akashika mdomo.

"Ni mimi huyo?"

"Ni wewe."

"Mama, tazama! Ngoja nimwite naye aone, yuko nje anaegesha gari." Akatoka mbio kama mtoto. Mlango ukajifunga.

Wakabaki wawili, na sauti ya feni ya kompyuta.

"Mikono yako mizuri," mkunga alisema.

"Mama, mji huu una studio ngapi?"

"Nyingi."

"Ukaichagua hii."

"Nikaichagua hii."

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu, mwanangu. Unanichosha tu." Alisema kwa upole uleule aliokuwa akiwaambia nao wajawazito wasukume. "Tukikutana sokoni unanipokea kapu. Unaniita mama. Unanisindikiza hadi mlangoni, watu wanatutazama wanasema mkwe huyo. Nikamwambia mwanangu, mwambie mtoto wa watu. Akasema kesho. Nikamwambia tena, akasema akitoka safari. Safari gani? Yuko kwangu, anakula, analala, ananenepa. Mara ya tatu nikasema basi, nitampelekea picha aitengeneze mwenyewe. Maana ningekuja kukwambia kwa mdomo, usingeniamini."

"Hata sasa sikuamini. Umemlazimisha. Kwa sababu ya baba yangu na viatu vyake."

"Viatu vya baba yako sivipendi, sikufichi. Lakini mwanangu ana miaka thelathini na minne. Nilimzaa, sikumfunga kamba."

Fundi alikuwa amekwisha kuamua kwamba mwanamke yule ni muongo, na uamuzi huo ulimpa nguvu.

Mlango ukafunguliwa. Mpima ardhi aliingia akivutwa mkono na mchumba wake, anacheka jambo waliloliacha nje. Alipomwona fundi, kicheko kilikatika. Sekunde moja, ya pili. Halafu akatabasamu, tabasamu la kumpa karani wa benki.

"Habari, fundi."

Miaka mitatu. Habari, fundi.

"Nzuri," alijibu, na hakujua sauti hiyo aliitoa wapi.

"Kaa hapa, mpenzi," mfamasia alisema, akamkalisha, yeye mwenyewe akakaa kati yake na fundi. "Tazama alivyotufanya. Si tumetoka?"

"Safi," mpima ardhi alisema. "Safi sana."

"Bado," fundi alisema. "Hiyo ni skrini. Sasa nawaonyesha itakavyotoka kwenye karatasi."

Akabonyeza. Picha nzima ikafifia. Buluu ya shati ikapoa, meno yakapoteza mwanga wake, na nyeusi ya nywele ikawa kijivu iliyokolea.

"Aa! Imekufa!" mfamasia alilia. "Dada, turudishie ile ya kwanza."

"Ile ya kwanza inawaka kwa sababu skrini ina taa nyuma yake. Karatasi haina taa. Hii ndiyo mtakayotundika. Nitainyanyua kadiri inavyonyanyuka, lakini ile nyingine haichapiki hata ukilia."

"Ni vizuri kujua kabla," mkunga alisema, bila kumtazama mtu.

Fundi akaifanyia kazi, akauongeza mwanga kwenye nyuso, akaikoleza nyeusi, na muda wote huo alimsubiri mpima ardhi amtazame. Hakumtazama. Aliitazama picha yake mwenyewe kama mtu aliyeambiwa atapewa mtihani juu yake.

"Twende tukachague fremu, mwanangu," mkunga alimwambia mfamasia alipoona imekaa. "Tuwaachie hawa wamalizie." Akamtoa nje kwa mkono wa mgongoni, polepole, kama alivyotoa waume wodini maisha yake yote.

Mlango ulipofungwa, mpima ardhi alishusha pumzi.

"Kijivu."

Jina hilo likampita fundi mwili mzima. Aliona haya jinsi lilivyompita.

"Barabara imekwisha kupimwa?" aliuliza.

"Usinifanyie hivyo. Sikujua kama mama angekuja hapa. Naapa."

"Ni yeye, sivyo? Ni mama yako. Amekulazimisha na wewe ukashindwa kumkatalia."

Alimrushia kamba, na mpima ardhi akaidaka kwa mikono miwili. "Unamjua mama."

"Namjua." Machozi yakamlenga. Loo, angalia mtoto wa watu, alivyosamehe hata kabla hajaombwa! "Basi nisikilize. Wanarudi sasa hivi. Wakiingia sema mimi ni nani kwako. Sitaki harusi, sitaki ukumbi. Sema tu. Nikisikia hivyo nitaizima mashine hii tutoke kwa mlango ule, wanune wanavyotaka."

Mpima ardhi akatazama mlango. Akamshika mkono, akauminya.

"Nipe muda."

"Harusi ni Jumamosi."

"Baada ya Jumamosi, basi. Mambo yakishatulia nitakuwa nakuja kama zamani. Kwetu sisi nini kitabadilika?"

Fundi akautoa mkono wake. Aliutoa bila haraka, akaurudisha kwenye kipanya, akafungua kidirisha kidogo pembeni ya picha, kile kinachoandika siku na saa picha ilipopigwa. Akakikuza mpaka herufi zikawa kubwa kama za ubao wa darasani.

"Soma."

"Ya nini?"

"Soma, nimesema."

Akasoma.

"Saa tisa na robo," fundi alimsomea. "Na siku hiyohiyo, siku uliyoniaga, saa kumi na mbili jioni, ulifika kwetu na shati hilohilo. Ukala. Ukamwambia baba, mzee, nikitoka safari nakuja na wajomba zangu. Baba amepaka sebule rangi. Amepaka mwenyewe, na mgongo ule wake, anapumzika kila baada ya ukuta mmoja. Pete ilikuwa imekwisha kukaa kwenye kidole cha mtu, na wewe unamwangalia baba yangu machoni."

"Usinifanye nionekane mbaya, Kijivu."

"Nani aliamua? Mama yako au wewe?"

Nje ilisikika sauti ya mfamasia akiuliza kama fremu nyeusi ina kioo.

"Mimi," mpima ardhi alisema.

"Lini?"

"Siku niliyomwona."

"Na mimi?"

"Wewe..." Akachagua maneno yake, na kwa kuwa hakuwa mtu mkatili kwa kukusudia, akayachagua mabaya kabisa. "Wewe ni mtu wa ndani. Sisemi kwa ubaya. Kwako nilikuwa napumzika, nashukuru, sijapata mahali pa kupumzika kama kwako. Lakini nikimfikiria mtu wa kusimama naye watu wanapotazama, sikuoni wewe. Sijawahi kukuona. Nimejaribu. Mama hakunilazimisha. Mama ndiye aliyekuwa ananisumbua nikuambie."

Kwa hiyo yule mwanamke mwenye sauti laini ndiye pekee aliyesema kweli siku ile.

"Nakuomba usimwambie," mpima ardhi alinong'ona. "Wewe una roho nzuri."

Mfamasia aliingia na kalamu mkononi na ile karatasi ya kuwekea sahihi. "Nimechukua nyeusi! Mama anabishana na mwenye studio juu ya kioo, tumwache afurahi." Akaweka viwiko mezani, akaisogelea skrini. "Imenyanyuka, dada. Mungu akupe. Hebu niambie jambo moja. Wewe unaangalia nyuso za watu kutwa. Hapo anaonekana ananipenda?"

"Maswali gani hayo?" mpima ardhi alicheka.

"Namuuliza yeye."

Na sasa ndipo mpima ardhi alipomtazama fundi. Asubuhi nzima fundi alisubiri kutazamwa hivyo, sasa akatazamwa, macho mawili yaliyomkazia kana kwamba hakuna mwingine chumbani. Yalijaa hofu tu. Alitafuta kitu kingine ndani yake, akatafuta kwa jicho lake lile la kazi, asione.

"Picha hii ilipigwa saa tisa na robo," fundi alisema. "Saa kumi na mbili alikuwa kwetu, anaahidiana na baba yangu. Nimekuwa naye miaka mitatu. Nimemuuliza sasa hivi, hapahapa, kama ni mama yake aliyemlazimisha. Amesema hapana. Amesema baada ya harusi atakuwa anakuja kwangu kama zamani."

Mpima ardhi aliinuka nusu, akaketi tena.

Mfamasia hakulia. Aligeuka kwenye kiti, akamtazama fundi kuanzia kichwani, akashuka kwenye koti, akafika kwenye viatu, taratibu, kama anavyokagua boksi la dawa kuona tarehe yake. Kisha akamgeukia mchumba wake.

"Ndiye huyu Kijivu?"

Mpima ardhi alitazama chini.

"Nimeliona jina hilo kwenye simu yako tangu mwaka jana," mfamasia alisema. "Nimekosa usingizi kwa jina hilo. Nimekonda. Nikadhani siku nikimwona mwenyewe nitakata tamaa nikuache." Akamtazama fundi tena, na safari hii kwa huruma ya kweli, ambayo ilikuwa mbaya kuliko tusi. "Kumbe ni huyu. Pole, dada. Pole sana. Umeteseka bure, na mimi nimeteseka bure."

Akaivuta karatasi, akaweka sahihi yake mahali palipochorwa mstari, akaandika na tarehe.

"Na wewe hutakuwa unakwenda kwa mtu," alimwambia mpima ardhi bila kupandisha sauti. "Picha iwe tayari Ijumaa, dada. Nimeipenda. Umenifanya vizuri." Akasimama. "Twende, mama anasubiri."

Mpima ardhi akasimama. Akamfuata. Mlangoni alipunguza mwendo, na fundi akaona bega lake likianza kugeuka, moyo ukamdunda kwa ujinga uliobaki, kumbe alikuwa anampisha mama yake aliyekuja kuchukua mkoba aliousahau kitini. Mkunga aliuchukua mkoba. Akamwona fundi usoni, akaelewa, akafungua kinywa kama anayetaka kusema jambo.

"Aa," alisema, akatoka.

Baada ya muda mwenye studio alichungulia. "Wamesaini?"

"Wamesaini."

"Chapa basi, karatasi kubwa nimeshaiweka."

Fundi akabonyeza. Mashine ikaanza kuimba, ikaisukuma picha nje kidogo kidogo, nywele kwanza, kisha mapaji mawili ya uso, kisha macho manne, mpaka wakatoka wote wawili wakubwa kuliko watu. Mwenye studio akavaa miwani, akailinganisha na skrini, akapiga mluzi.

"Hakuna tofauti hata chembe. Wewe ni fundi, bwana. Vaa glavu tuihamishie mezani, mtu mmoja haibebi hii. Shika upande wa bwana harusi, mimi nishike wa bibi harusi."

Fundi akavaa glavu za pamba.

"Polepole," mwenye studio alisema. "Ikipata mkunjo tunaanza upya."

"Haitapata," alijibu, akamshika mpima ardhi kwa pembe mbili, juu na chini, bila kumgusa usoni, akamnyanyua, wakaanza kutembea.